Barua ya wazi kwa vijana wa vikundi vya kupinga ubaguzi wa rangi

Wanangu,

Nimeyasikia malalamiko yenu. Mlipoanza, ukumbi ulifurika watu wenye hasira. Sasa viti vingi viko wazi, na wapo wanaonong'ona kwamba kikundi kinakufa. Hakifi. Hasira ndiyo iliyowakusanya, ila kitakachowaweka pamoja ni kazi.

Tazameni Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Wengi huanzia tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks, mwanamke mweusi, alipokataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Lakini Mary Fair Burks, mwalimu wa chuo, alikuwa ameanzisha baraza la wanawake weusi la kudai haki tangu 1946. Miaka tisa kabla! Mei 1954 kiongozi wao wa wakati huo, Jo Ann Robinson, alimwandikia meya kumwonya kwamba watu wanafikiria kuyasusia mabasi. Parks alipokamatwa hawakuhitaji kuitana kujadiliana waanzie wapi. Usiku huohuo Robinson, mwenzake mmoja na wanafunzi wawili waliingia chuoni, wakarudufu makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuwaomba watu wasipande mabasi Jumatatu, na kesho yake vikasambaa mji mzima. Jumatatu mabasi yakatembea karibu matupu.

Jumatatu hiyo ndipo ilipoundwa jumuiya ya kuongoza mgomo, ikamchagua Martin Luther King, mchungaji wa miaka 26. Anakumbukwa, na anastahili. Lakini mgomo ulidumu siku 381, na watu walipaswa kufika kazini kila asubuhi. Mwanzoni madereva weusi wa teksi waliwatoza senti kumi tu, sawa na nauli ya basi. Polisi walipolizuia hilo, wenye magari wakajipanga kwa zamu, na vituo vya kupandia vikajulikana.

Mafuta ya magari hayo yalitaka fedha. Georgia Gilmore, mpishi, aliwakusanya wanawake wakawa wanapika majumbani mwao na kuuza vyakula na keki. Kundi lao waliliita la "kutoka kusikojulikana", ili anayeulizwa fedha zimetoka wapi ajibu hivyo bila kusema uongo, na mpishi asifukuzwe kazi na tajiri wake. Gilmore mwenyewe kazi aliipoteza, akaendelea kupikia jikoni kwake. Kwenye mikutano ya hadhara alisimama akataja kiasi kilichopatikana, kanisa zima likisikia. Fedha zenu nazo zitajwe hivyo, mbele ya wote.

Liko jambo moja linaloniuma. Claudette Colvin, binti wa miaka 15, alikamatwa kwa kukataa kuhama kiti miezi tisa kabla ya Parks, na wakubwa wakaona hafai kuwa sura ya harakati. Ni huyohuyo aliyekuja kuwa mmoja wa wanawake wanne ambao kesi yao ilifuta ubaguzi kwenye mabasi yale mwaka 1956. Angalieni sana mnamkalisha nani nyuma, hasa wasichana wadogo na watu wa hali ya chini.

Basi wale wachache waliobaki wapeni kazi. Mmoja ayaandike malalamiko ya watu, kwa tarehe na mahali. Mwingine ajue nani ana gari, nani ana mashine ya kuchapia, nani anaweza kupika chakula cha watu hamsini. Mwingine aende nyumbani kwa walioacha kuja, akawasikilize bila kuwalaumu.

Mzee wenu