Ushuru wa nguo za nje utusaidie na sisi tuliopunguzwa kazi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya wasomaji. Nilifuma vitambaa miaka 19 katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Mwaka jana tulikusanywa getini asubuhi, zamu ya usiku haijaondoka, tukaambiwa majora yamejaa ghalani kwa sababu vitenge vya nje vimeua bei. Niliamini, maana nilikuwa nimeviona mwenyewe Kariakoo: ua lile lile tulilokuwa tukilichapa sisi, rangi imekolea upande mmoja tu, na kila doti pungufu kwa shilingi elfu tatu.

Kilichoniuma zaidi ni hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, lakini inahesabu miaka isiyozidi 10. Nikalipwa siku 70. Ile miaka tisa mingine, niliyobeba ndani yake mimba mbili na kumeza vumbi la pamba, haikuhesabiwa kabisa.

Fao la kukosa ajira nimelipata, nashukuru, ingawa ni michango yangu mwenyewe. Tumelila, limeisha. Vidole vyangu vinaunga uzi uliokatika bila macho kutazama. Hapa Mbagala nani atanilipa kwa ujuzi huo?

Kwenye semina ya chama cha wafanyakazi tulielezwa kuhusu mpango wa Marekani uliotokana na sheria ya mwaka 1962, enzi za Rais Kennedy. Wafanyakazi watatu tu walitosha kupeleka maombi. Wizara ya Kazi ikithibitisha kwamba ajira zao zimepotea kwa bidhaa za nje, wanalipiwa mafunzo, na posho wakiwa darasani. Tarehe 1 Julai 2022 mpango ukafungwa kwa maombi mapya. Walikosea, na sisi tusingoje wao. Siku hiyo hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza ushuru wake mpya wa asilimia 35 kwa bidhaa za nje, nguo zikiwemo.

Ushuru huo uliwekwa kulinda ajira zetu. Kwa sisi ambao haukutuokoa, Wizara ya Fedha itenge sehemu yake ilipe ada za VETA, vyuo vya ufundi stadi, na nauli ya daladala pia, maana wengi wanaacha kozi kwa nauli. Fomu yangu ya kozi ya umeme ninayo hapa mezani. Nimejaza yote, isipokuwa mstari wa mlipa ada.

Mfumaji wa zamani,
Mbagala, Dar es Salaam