Kabla ya kutaja jina la kocha, tuulize anakuja kufanya kazi gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mashabiki wenzangu wa Dodoma Jiji, pamoja na viongozi walioishika timu yetu, juu ya mjadala unaorudi kila matokeo yanapoharibika: nani apewe timu. Timu ikipoteza nyumbani Jumamosi, Jumatatu asubuhi vijiwe vya kahawa vya Majengo, Sabasaba na Chang'ombe vinakuwa vimeshateua makocha watano. Yupo anayetaka Mzungu, yupo anayetaka mzawa, na yupo anayemtaka kocha yeyote aliyeachwa na Simba au Yanga, kwa sababu tu alikuwa Simba au Yanga. Kazi yenyewe haizungumzwi. Hatuulizi kocha huyo anakabidhiwa kikosi gani, kwa muda gani, na akishindwa fedha za kuachana naye zitatoka fungu lipi.

Majina tumeshayajaribu ya kila aina. Tangu Dodoma Jiji, Walima Zabibu, wapande Ligi Kuu mwaka 2020 wakiwa na Mbwana Makata, benchi letu limepitiwa na Masoud Djuma wa Burundi, Melis Medo wa Marekani, Francis Baraza wa Kenya na Mecky Maxime, nahodha wa zamani wa Taifa Stars. Hao ni baadhi tu. Mtanzania, jirani na mtu wa mbali, wote wamekaa pale. Kama tatizo lingekuwa uraia wa kocha, lingekuwa limekwisha zamani.

Wapo watakaoniambia Yanga walitumia makocha watatu msimu wa 2024/25, Gamondi, Ramović na Hamdi, na ubingwa wakaubeba. Ni kweli. Lakini Yanga walikuwa na kikosi kinachoweza kushinda mechi nyingi za ligi hata wiki ambayo kocha mpya bado anajifunza majina ya wachezaji. Tena tuangalie waliochukuliwa kocha: Hamdi alitoka kwa jirani zetu Singida Black Stars kabla hata hajatulia, nao wakabaki kutafuta mwingine katikati ya msimu. Klabu za kanda yetu ziko upande huo wa wanaochukuliwa kocha, kwa hiyo tusijipime kwa mwenendo wa Yanga.

Jambo la kwanza la kukagua ni leseni, na linakaguliwa kabla ya mazungumzo ya mshahara. Mwaka 2021 Simba walikuwa na kocha Didier Gomes mwenye UEFA A, leseni ya Ulaya iliyo chini ya UEFA Pro. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikasema kocha mkuu kwenye mashindano yake awe na CAF A au UEFA Pro, na Simba wakalazimika kumuandikisha kocha mwingine, Thierry Hitimana, kwa ajili ya mechi hizo. Mwaka 2025 klabu hiyohiyo ilimtambulisha Dimitar Pantev kwa cheo cha Meneja Mkuu, si Kocha Mkuu. Klabu kubwa ina watu wa kuziba pengo la namna hiyo. Kwetu, kocha asiyekidhi kiwango kilichowekwa na kanuni za ligi ataishia kukaa jukwaani, msaidizi ndiye asimame mstarini, na maelekezo yafike dakika kumi baada ya bao kuingia. Kwa hiyo jina likitajwa kijiweni, swali la kwanza liwe: ana diploma gani, yaani leseni ya ukocha, imetolewa na nani, na bado ni hai?

Hapa kuna kifungu ambacho wengi hawakijui. Kanuni za FIFA za ajira ya makocha, zilizoanza kutumika Januari 2021, zinasema mkataba wa kocha hauwezi kufanywa batili eti kwa sababu kibali cha kazi hakikupatikana au leseni haikutosha. Ni wajibu wa klabu kuhakikisha hayo kabla ya kusaini. Kwa kocha wa kigeni maana yake ni kwamba kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji vikikwama, mshahara unaendelea kuhesabika wakati mtu hajaingia hata uwanja wa mazoezi. Mpangilio sahihi ni nakala ya diploma kwanza, uthibitisho kutoka shirikisho lililoitoa, ukaguzi wa mahitaji ya vibali, halafu ndipo kalamu. Klabu nyingi huanza na picha ya kupeana mikono.

Mkataba ndio penye maumivu zaidi. Chukua mfano wa hesabu tu. Kocha analipwa shilingi milioni 8 kwa mwezi, mkataba miaka miwili, anafukuzwa baada ya miezi sita bila sababu ya msingi. Imebaki miezi 18, yaani milioni 144. Kama mkataba haukuweka utaratibu mwingine, hapo ndipo fidia inapoanzia. Akipata kazi mahali pengine ya milioni 5 kwa mwezi kwa kipindi hicho chote, milioni 90 hizo zinapunguzwa na klabu inabaki kudaiwa milioni 54. Lakini kanuni inaruhusu pande mbili zikubaliane fidia tangu mwanzo. Mngeandika kwamba kuvunja mkataba ni mishahara ya miezi mitatu, deni lingekuwa milioni 24 na kila mtu angelijua siku ya kwanza. Kifungu cha mistari miwili kinaokoa fedha za kusajili mshambuliaji.

Mishahara ikichelewa hali inakuwa mbaya zaidi. Kocha asipolipwa miezi miwili anaweza kuandika notisi ya siku zisizopungua 15, na asipolipwa kufikia hapo anaondoka akiwa na haki ya kudai. Kocha wa kigeni anapeleka shauri FIFA. Klabu ikiamriwa kulipa na isilipe ndani ya siku 45, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Kwa timu ya halmashauri kama yetu hili lina uzito wa pekee. Bajeti ya Jiji inaanza Julai 1, na fidia ya kocha aliyefukuzwa Januari haikuwamo ndani yake. Shabiki anayepiga kelele kocha afukuzwe Januari ajue anaomba fedha ambazo hazijapangwa, na mara nyingi zitakatwa kwenye usajili wa dirisha dogo la katikati ya msimu, yaani palepale ambapo timu ingepata dawa.

Tuje kwenye wasifu wa kocha. Mashabiki wanasoma majina ya klabu alizopita. Someni muda aliokaa na pointi alizopata. Gawanya pointi kwa idadi ya mechi alizosimamia yeye mwenyewe, tenganisha za nyumbani na ugenini. Ligi yetu ina timu 16 na mechi 30, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, na ya 13 na ya 14 zinaingia mechi za mchujo. Kocha wa wastani wa pointi 1.2 anakupa 36 kwa msimu. Akichukua timu yenye pointi 18 baada ya mechi 20, wastani huohuo unakupa 12 tu, jumla 30, na hapo hujalala salama. Kumbe anayehitajika katikati ya msimu si lazima awe yule anayefaa kuanza naye Julai. Yule wa katikati ni mtu wa kufunga mlango haraka: mabeki wanne wasiobadilishwabadilishwa, viungo wakabaji wawili, na mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, inayofanyiwa mazoezi kila siku. Anayetaka timu icheze kwa kupasiana kutoka kwa kipa anahitaji maandalizi ya wiki sita na dirisha kubwa la usajili. Tukimleta huyo Februari tunamuonea, na timu pia tunaionea.

Jirani zetu wa Singida wana somo zuri. Msimu wa 2017/18 Singida United chini ya Hans van der Pluijm walimaliza nafasi ya tano na kufika fainali ya Kombe la FA, wakafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar pale Arusha. Pluijm akaenda Azam. Mwaka 2020 Singida United wakashuka daraja. Mtu huyohuyo akarudi mkoani humo akiwa na Singida Big Stars, msimu wa 2022/23 wakamaliza nafasi ya nne. Wanaosema "tutafute Pluijm wetu" wanasahau kwamba mara zote mbili alikuta mwenye fedha aliyesajili wachezaji wa kazi yake. Kocha alikuwa hodari, sibishi. Ila uhodari wake haukubaki klabuni alipoondoka, kwa sababu hakuna kilichojengwa chini yake.

Kuna suala la mahali petu. Ligi inaanza wakati Dodoma ni kavu. Mvua za kuaminika zinakuja Desemba na kukatika Aprili. Agosti hadi Novemba ardhi inakuwa ngumu, mpira unadunda juu, na upepo wa mashariki unavuma sana saa kumi jioni kabla ya kutulia jua likizama. Kocha anayejua hali hii humwambia nahodha, akishinda shilingi ya mwamuzi, achague upande badala ya kuanza mpira, ili dakika 45 za kwanza upepo uwe mgongoni. Kipindi cha pili, upepo ukiwa umepungua, hadhuriki sana. Tazameni pale Uwanja wa Jamhuri mpira mrefu wa kipa wetu unapopigwa dhidi ya upepo: unasimama hewani, unarudi, unaangukia kwenye duara la kati ambako kiungo wa wapinzani ameshageuka. Mabao ya namna hiyo tumefungwa, na lawama zikaenda kwa beki wa kati. Suluhisho ni kuanza kwa pasi fupi kwa beki wa pembeni, na hilo linahitaji kipa mwenye miguu, anayejua kupiga pasi. Anayetajwa kuja ulizeni kama anamtaka kipa wa aina hiyo, na kama hayupo atafanya nini.

Wasaidizi tunawasahau kabisa. Kocha mkuu akija na watu wake wanne na kuondoka nao wanne, timu inaanza upya hata kwenye rekodi za majeraha. Naamini kwa dhati kwamba kocha wa makipa, kocha wa viungo (anayejenga pumzi na nguvu za wachezaji) na msaidizi mmoja mzawa wawe waajiriwa wa klabu, wasiondoke na mtu. Kocha mkuu aje na mmoja, wakizidi wawili. Hii ndiyo njia pekee ninayoiona ya kumfanya kocha mpya aikute taarifa mezani: nani ana goti linalovimba akicheza mechi mbili ndani ya siku nne, nani hupungua kasi baada ya dakika ya 70, nani ana kadi nyingi za njano.

Shabiki naye ana kazi anayoweza kuifanya akiwa jukwaani. Aandike dakika za mabao tuliyofungwa, na kama yalitoka kwenye kona, faulo au mpira wa kawaida. Aandike dakika ya mabadiliko ya kwanza. Sheria inampa kocha wachezaji watano ndani ya nafasi tatu, ukiacha mapumziko. Anayesubiri dakika ya 80 ametupa nusu ya msaada aliopewa. Baada ya mechi nane utaona sura ya tatizo. Mabao mengi ya kona yanaonyesha upungufu wa mazoezi, na unatibika bila kufukuza mtu. Mabao mengi baada ya dakika ya 75 yanaelekeza kwa kocha wa viungo, au kwenye kikosi kifupi. Timu isipotengeneza nafasi hata nyumbani dhidi ya wanaopaki basi, yaani wanaojaza watu nyuma, hapo ndipo hoja ya kubadili kocha inapata miguu.

Mimi, kwa timu kama yetu, ningechagua kocha mwenye CAF A aliyewahi kumaliza angalau msimu mmoja kamili katika Ligi Kuu hii, Mtanzania au wa Afrika Mashariki, apewe miaka miwili yenye kifungu cha fidia ya mishahara mitatu na lengo lililoandikwa kwa pointi, si kwa maneno "kufanya vizuri". Atangazwe mwezi Juni ili awe na sauti kwenye usajili wa dirisha kubwa. Wakala asichaguliwe kuwa mshauri wa klabu juu ya kocha anayemuuza yeye mwenyewe.

Ombi langu kwa uongozi ni moja. Safari ijayo nafasi ikiwa wazi, tangazeni sifa kabla ya jina: diploma gani, uzoefu gani, timu icheze vipi, na wasaidizi wangapi. Waandishi wa habari wa hapa Dodoma wazichukue sifa hizo na kumuuliza kila anayetajwa. Na sisi wa vijiweni tuzibandike ukutani pale Majengo, tubishane juu yake.

Mdau wa soka,
Kizota, Dodoma