Barua ya wazi kwa wanaume wa mabaraza ya Tanga: uvimbe wa shingoni usiouma

Wadogo zangu na wanangu mnaokutana barazani Ngamiani, Makorora na Sahare,

Assalaam alaykum, na kwenu msio Waislamu, salamu za heshima. Kabla ya kustaafu nilitumikia zahanati za mkoa huu kwa miaka mingi nikiwa tabibu. Mwaka huu tumemzika jirani yangu, mvuvi, aliyekaa miezi saba na uvimbe chini kidogo ya taya, usiouma wala kuwasha. Alinunua vidonge vya kuua bakteria mara tatu, kisha akaenda kukatwa kimeo mtaani, na kila alipoulizwa alijibu kwamba kisichouma hakina haraka. Alipofika hospitali, saratani iliyoanzia kwenye mafindofindo, yaani zile tezi mbili za kooni, ilikwisha kusambaa. Uvimbe ule niliuona mapema, nikaona haya kumhoji mtu mzima mwenzangu, nikanyamaza. Sitaki kunyamaza tena.

Saratani nyingi za koo huletwa na tumbaku na pombe, lakini iko aina inayoletwa na virusi vya HPV, hasa namba 16, ambavyo Harald zur Hausen wa Ujerumani alivitambua mwaka 1983 katika saratani ya mlango wa kizazi, na kwa kazi hiyo akatunukiwa Nobeli mwaka 2008. Kooni, virusi hivyo hushambulia mafindofindo na shina la ulimi, na wanaougua wengi ni wanaume. Huambukizwa, nawaambia kwa heshima lakini bila kuficha, mdomo unapogusana na sehemu za siri. Wengi walioambukizwa hawaugui kamwe, kwa kuwa kinga ya mwili huviondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kwa nini basi wachache hushindwa? Mafindofindo yana vishimo vingi vyembamba, na utando wa ndani yake una mianya inayoziruhusu chembe nyeupe za damu kupita ili zikague kila kinachoingia kwa chakula na pumzi. Virusi hupitia mianya hiyohiyo. Tena, kwa kuwa mahali hapo pana mapambano kila siku, mwili umepawekea namna ya kuyatuliza: chembe za vishimo hutoa protini iitwayo PD-L1, ambayo hushikana na nyingine iitwayo PD-1 iliyo juu ya seli T, askari wanaoua chembe zilizoambukizwa, na kuwapunguza ukali. Pasipo utulivu huo koo lingewaka moto daima. Virusi hujificha ndani ya utulivu huo, na saratani ikizaliwa hapo huugeuza kuwa ngao yake.

Hata hivyo saratani hii ina udhaifu ambao ile ya tumbaku haina. Virusi huiendesha chembe kwa protini mbili, E6 na E7, ambazo huziondoa p53 na Rb, walinzi wanaoizuia chembe yenye kasoro isigawanyike ovyo. Saratani haiwezi kuendelea kuishi bila protini hizo, nazo ni za kigeni, kwa hiyo ni kama mwizi aliyevaa kanzu ya ugenini asiyoweza kuivua. Seli T huitambua kanzu hiyo. Madaktari wanapochunguza vinyama vya wagonjwa hawa, mara nyingi hukuta seli T nyingi zimekwisha kuingia ndani ya uvimbe, pamoja na seli B zinazotengeneza kingamwili. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa ambao saratani yao ilitokana na HPV na ilikwisha kukomaa walikuwa hai kwa asilimia 82 baada ya miaka 3 ya matibabu, na wale wasio na virusi asilimia 57. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba sigara ilipunguza uhai wa wote, hata wenye HPV. Ninyi mnaovuta mkisubiri kahawa, naomba msiipite sentensi hiyo haraka.

Dawa za kuifungua breki hiyo ya PD-1, ili seli T zirudishe ukali wake, zipo pia, nazo zimetokana na kazi iliyowapa Nobeli ya mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani. Ni ghali, na hazimfai kila mgonjwa, hivyo msiziweke kuwa tegemeo la kuchelewa.

Sasa neno langu kwenu. Tezi za shingoni ni kambi ambamo chembe za kinga hukusanyika, na ndiyo sababu saratani ya kooni mara nyingi hujionyesha kwanza hapo, mwenyewe akiwa hana maumivu yoyote. Tezi iliyovimba kwa mafua au jino huuma, kisha hunywea. Isiyouma, ikapita wiki 3, ni ya kuonyeshwa kwa daktari, achunguze koo na kuchukua sampuli kwa sindano. Kukata kimeo hakuna msaada wowote hapo. Mwenye kutumia dawa za VVU asiziache, kwa maana VVU hupunguza hasa zile seli T zinazowaongoza wenzake.

Na mabinti zenu wapelekeni chanjo. Nchi yetu ilianza kuitoa mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hufundisha seli B kuvizuia virusi kabla havijaingia, wala haiharibu uzazi kama inavyosemwa mitaani.

Mimi hukaa nje ya nyumba yangu kila alasiri baada ya swala. Mwenye uvimbe na aje, hata usiku akiona haya, na asubuhi nitaongozana naye hadi hospitali ya Bombo.

Mzee wenu, tabibu mstaafu, Ngamiani