Kompyuta ya shule ya kijijini ipimwe kwa wati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie wanaotununulia kompyuta jambo ambalo fomu zao haziliulizi.

Nafundisha Fizikia na Kompyuta katika sekondari moja ya kata, mkoani Ruvuma. Nguzo za umeme zimefika kijijini, lakini shule iko kitongojini, kilomita nne mbele. Tuna paneli mbili za sola zilizofungwa kwa ajili ya taa.

Mwaka 2016 tulipewa kompyuta 20 zilizokwishatumika, zenye skrini za chogo. Siku ya makabidhiano jenereta lilikodishwa mjini, zote zikawaka, wazazi wakapiga vigelegele. Jioni wageni wakaondoka, na jenereta likaondoka nao. Kompyuta moja ya aina ile, pamoja na skrini yake, hula karibu wati 200. Tulipowasha tatu, inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri za sola uwe kama wa gridi, ililia ikazima. Tukaendelea kuwasha moja moja, na kabla muhula haujaisha betri za taa zilikuwa zimekufa. Wanafunzi wakarudi kwenye vibatari kwa ajili ya kompyuta ambayo wengi wao hawakuwahi kuigusa. Hilo linaniuma mpaka leo. Somo la kukata na kubandika maandishi nikalifundisha kwa mkasi na gundi.

Wafadhili wale sina ugomvi nao, walitoa kwa moyo. Lakini bei waliyoiona ni ya kununulia tu. Bei ya kuwashia tuliachiwa sisi.

Likizo moja mwanafunzi wangu wa zamani, fundi wa kompyuta Dar es Salaam, aliniletea Raspberry Pi. Ni kompyuta kamili iliyo kwenye bodi moja, ukubwa wake kama kitambulisho. Ilipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 bei yake ilikuwa dola 35, bila skrini, kibodi wala memori kadi, kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba hiyo ndiyo gharama yote. Kilichonishangaza ni ulaji wake wa umeme: yangu haifiki wati 10. Kwa skrini nilichukua televisheni ya sola ya volti 12, hizi hizi zinazoonyesha mpira kwenye vibanda vya vijijini. Vyote viwili vinakula wati kama 30, na inveta haihitajiki. Umeme wa kompyuta moja ya chogo unaendesha sita za namna hii.

Intaneti kwetu ni ya kupanda kilimani. Kwa hiyo kijana yule aliniwekea Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya memori kadi kwa programu ya Kiwix, ambayo ni ya bure na haihitaji mtandao. Binti mmoja wa kidato cha pili alitafuta habari za Ziwa Nyasa, kwa kuwa baba yake ni mvuvi huko. Alisoma mpaka kengele ya chakula ikapita, akaniuliza kama kesho itakuwepo.

Najua kuna watakaosema hicho ni kidude, mtoto anahitaji kompyuta ya kweli. Nawajibu kwamba anaandika barua, anapiga hesabu kwenye jedwali na anaandika programu zake za kwanza humo humo. Memori kadi ikiharibika, natia nyingine na somo linaendelea. Zile za chogo zikiharibika, fundi yuko Songea, na nauli ya kubeba boksi lile kwenda na kurudi inatosha kununua memori kadi.

Ombi langu kwa wanaoandaa zabuni na kwa wafadhili ni kwamba, pale wanapoandika kasi na ukubwa wa diski, waongeze mistari miwili: inakula wati ngapi, na kipuri chake kinapatikana wapi. Shule isiyo na umeme wa gridi isipelekewe kitu kabla mistari hiyo haijajazwa.

Kompyuta zetu 20 ziko stoo, zimefunikwa vitenge, na panya wamekata nyaya. Nimeandika mara mbili kuomba ziondolewe kwa utaratibu wa mali chakavu, ili fedha yoyote itakayopatikana inunue hata bodi nne ndogo. Najua mali ya umma haiuzwi kiholela. Naomba tu nijibiwe, kwa sababu kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani Novemba, na kompyuta wanayoitumia ni ile moja.

Mwalimu wa Fizikia na Kompyuta,
Ruvuma.