Punda walizuiwa, mafuta yakapita

Mhariri,

Kila ikifika Septemba magazeti, na nyie mkiwemo, mnatuandikia kwamba Vita vya Pili vya Dunia vilianza tarehe 1 Septemba 1939 Hitler alipoivamia Poland, na kabla ya hapo mnagusia kidogo mkutano wa Munich wa 1938, ule uliompa Hitler kipande cha Czechoslovakia, na Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, na karatasi yake ya amani pale uwanja wa ndege, basi. Sasa mi nauliza, Mwethiopia wa 1935 alikuwa kwenye mazoezi? Na Mchina wa Manchuria 1931 je?

Halafu mnapenda kusema mataifa makubwa yalikaa kimya. Hawakukaa kimya bwana, walifanya mengi tu ila walichagua yale yasiyouma. Japani ilipochukua Manchuria Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, makao yake Geneva, liliunda tume ya uchunguzi ya Lord Lytton wa Uingereza, ripoti ikaja kutoka baada ya mwaka mzima, Februari 1933 wakapiga kura pale Geneva, nchi 42 zikaikubali ripoti na Japani peke yake ikapinga, mjumbe wao Matsuoka akanyanyuka akatoka ukumbini na Manchuria wakabaki nayo.

Ila inayonikera kuliko zote ni Ethiopia. Mussolini, mtawala wa Italia, alivuka mpaka tarehe 3 Oktoba 1935 na safari hii Shirikisho la Mataifa liliamka mapema, ndani ya siku chache likasema Italia ndo mchokozi, na Novemba 18 vikwazo vikaanza. Tafuta ile orodha ya vitu ambavyo Italia ilikuwa hairuhusiwi kuuziwa uisome. Mpira umo, bati imo, farasi, ngamia na punda wamo. Yaani punda! Mafuta hayamo, makaa ya mawe hayamo, na chuma kikiwa bado mawe ya mgodini ni marufuku lakini kikishayeyushwa ruksa. Jamaa kaja na malori, vifaru na ndege, nyie mnamnyima punda.

Na meli zake zilizobeba askari na ile gesi ya sumu zilipita wapi? Si Mfereji wa Suez, Waingereza wako palepale Misri na majeshi yao wanaziangalia, Italia inalipa ushuru kama mteja yeyote inapita zake.

Kwa nini? Uingereza na Ufaransa walikuwa wanambembeleza Mussolini. Aprili 1935 walikaa naye meza moja pale Stresa, Italia, wakitaka awasaidie kumzuia Hitler, kwa hiyo hawakutaka kumuudhi sana. Desemba mawaziri wao wa mambo ya nje, Hoare wa Uingereza na Laval wa Ufaransa, wakapanga kimyakimya wamkatie Mussolini pande kubwa la Ethiopia yaishe, siri ikavuja magazetini, Hoare akajiuzulu, na ishu ya kuongeza mafuta kwenye orodha ya vikwazo ikawa inaahirishwa tu. Machi 1936 bado wanaijadili, tarehe 7 Hitler akaingiza askari Rhineland, eneo la Ujerumani upande wa Ufaransa, ambako mkataba ulimkataza kuweka jeshi. Wakalaani.

Mei 5 Addis Ababa ikaanguka. Juni 30 Haile Selassie akasimama mwenyewe Geneva kuongea, waandishi wa Italia waliokaa juu wakaanza kumpigia miluzi kama wako mpirani, mpaka Titulescu wa Romania akapaza sauti washenzi hao watolewe nje. Wakatolewa, mfalme akasikilizwa vizuri kwa heshima zote, na mwezi uliofuata vikwazo vikafutwa. Na huyo Mussolini waliyekuwa wanambembeleza kabla mwaka haujaisha kashaungana na Hitler.

Ndo maana Munich ya 1938 mi hainishangazi. Wacheki hata kuingia chumbani hawakuruhusiwa, nchi yao inakatwa wao wamewekwa wasubiri majibu, maana Hitler alishaona kitambo kwenye orodha hizi kinachozuiwa ni kipi na kinachoachwa ni kipi.

Kwa hiyo Septemba nyingine ikifika naomba makala yenu ianze na wale punda.

Msomaji wenu wa siku nyingi