Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hatima ya Njia ya Nyuma

Ndugu wanachama,

Habari za fedha na uandikishaji mtazipata kwa mweka hazina na katibu, ambao wamezipanga vizuri. Mimi naomba nafasi yangu karibu yote niitumie kwa suala lililotutawala mwaka mzima: ombi la kulitaka jiji liiachie njia ya umma iliyo nyuma ya viwanja vyetu.

Kwa mliojiunga karibuni, njia hiyo ilitengwa kwenye ramani ya upimaji tangu eneo lilipogawanywa viwanja, lakini barabara haikujengwa. Mmoja wa wanaopakana nayo ameliomba jiji lifute hadhi yake ili kipande kinachomgusa kiunganishwe na kiwanja chake. Anasema haitumiki, imekuwa vichaka na jalala, na yeye yuko tayari kuitunza. Si hoja ya kupuuza. Wapo wanachama wenzetu ambao nao wangenufaika, na nawashukuru kwa kulisema hilo wazi kikaoni badala ya kunong'ona nje.

Kamati ilikwenda kuikagua pamoja na mpimaji. Jiwe la mpaka lilikuwa limefukiwa na udongo, limebaki ncha tu. Hatua chache mbele, chini ya majani, tulikuta mfuniko wa chemba ya maji taka, kisha mwingine, vimenyooka katikati ya njia. Bomba linapita pale. Mtu akijenga juu yake, siku likipasuka mafundi watachimba wapi? Na kando ya mifuniko hiyo kuna kijia kilichokanyagwa mpaka udongo unang'aa. Magari hayapiti, ni kweli, lakini watu wanapita, na maji yanapita.

Kilichonishawishi mimi zaidi ni ugumu wa kurudi nyuma. Jiji likiibakiza njia, linaweza kubadili mawazo mwaka wowote. Likiiachia, ukuta ukasimama na hati ikatoka, kuirudisha kutahitaji kuinunua au kuitwaa kwa fidia, na ni nadra jiji kuthubutu. Akiba haiozi, na ardhi ya umma ni akiba ya watu ambao bado hawajahamia hapa.

Tazameni reli ya juu ya High Line, New York. Ilizinduliwa rasmi mwaka 1934, treni ya mwisho ikapita 1980. Wenye ardhi chini yake walitaka ibomolewe, na uongozi wa jiji ukakubaliana nao. Wakazi wakaunda umoja wa kuitetea mwaka 1999, na mwaka 2009 sehemu yake ya kwanza ikafunguliwa kuwa bustani ya kutembelea. Sidai njia yetu itafika huko. Nasema tu kwamba mwaka 1980 hakuna aliyeyaona matumizi ya 2009, na kama ingekuwa imekatwa vipande vipande, kusingekuwa na cha kutetea. Marekani hiyo hiyo ina sheria ya mwaka 1983 inayoruhusu ukanda wa reli isiyotumika utunzwe kama njia ya miguu na baiskeli, huku haki ya kurudisha treni ikibaki pale pale. Uingereza nako, chini ya Sheria ya Barabara ya 1980, kifungu cha 116, hakimu hufunga njia ya umma pale tu anaporidhika kwamba haihitajiki, au kwamba inaweza kuhamishwa ikawa fupi au nafuu zaidi kwa umma. Kipimo ni mahitaji ya umma, wala si nani atafaidi kiwanja.

Wengi mmeuliza ardhi ingekuwa ya nani. Hilo hutegemea sheria ya mahali na ardhi ilitoka kwa nani awali. Katika majimbo mengi ya Marekani, kwa mfano, njia ikifutwa kila jirani huchukua hadi mstari wa katikati. Kwa hiyo asitokee mwanachama aliyeanza kuhesabu upana wote.

Uamuzi wa kamati haukuwa wa kauli moja, ila wengi tulikubaliana na tumeliandikia jiji. Tunapinga kufutwa kwa njia. Tumependekeza mwombaji apewe kibali cha kupanda na kutunza, kisicho na ruhusa ya kujenga, ambacho jiji linaweza kukisitisha. Iwapo madiwani wataamua kuiachia, basi haki ya kupitisha mabomba na nyaya iandikwe kwenye hati, kijia kibaki na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu na machela, na ardhi ilipiwe thamani yake halisi. Kugawa bure mali ya wote ni jambo ambalo sitalikubali nikiwa kwenye nafasi hii.

Hoja ya taka haijibiwi kwa barua. Inajibiwa kwa fyekeo na reki, na kazi hiyo tumeianza.

Kamati ya mipango miji imeshatembelea eneo na kukusanya maoni ya idara za maji, umeme na zimamoto. Baraza la madiwani halijaamua. Kwanza watasikiliza wananchi. Mwenye picha za zamani, nakala ya ramani au barua yoyote inayoitaja njia hii aikabidhi kwa katibu. Kila anayepita pale aandike kwa mkono wake anakwenda wapi na kwa nini, kwa sababu barua kumi zinazofanana huhesabiwa kama moja. Msimamo wa kamati utapigiwa kura leo, na walioukataa watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura.