Mhariri, Tuambieni ni Ronaldo Yupi

Mhariri,

Wiki iliyopita kijana wangu alinionyesha habari katika ukurasa wenu wa michezo iliyosema kwamba Ronaldo alifunga mabao 8 katika Kombe la Dunia la 2002. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini picha iliyowekwa juu yake ilikuwa ya Cristiano Ronaldo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 17 na hajachezea timu ya taifa ya Ureno hata mechi moja. Aliyefunga mabao yale, yakiwemo mawili ya fainali dhidi ya Ujerumani, ni Ronaldo Luís Nazário de Lima wa Brazili.

Nilipomweleza kijana alinibishia. Kwake, gazeti limeandika na picha ipo, basi mzee amesahau. Simlaumu hata kidogo.

Najua wajina wapo kila mahali na waandishi wana haraka. Ila kwa jina hili hatuna kisingizio, maana Wabrazili wenyewe walituonyesha njia zamani. Kikosi chao kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1994 kilikuwa na Ronaldo wawili, na yule beki mwenye umri mkubwa wakamwita Ronaldão, yaani Ronaldo mkubwa. Kwenye Olimpiki ya 1996 mjini Atlanta alikuwemo beki mwingine, Ronaldo Guiaro, kwa hiyo huyu mshambuliaji wetu, Nazário, akaitwa Ronaldinho, Ronaldo mdogo. Baadaye akatokea Ronaldo de Assis Moreira, aliyezaliwa 1980, jina hilo la udogo likahamia kwake, naye ndiye Ronaldinho tunayemjua leo. Ikiwa watu waliovaa jezi moja waliona haja ya kutofautishana, msomaji aliye mbali ataachwaje abahatishe?

Tena wote watatu ni wakubwa kwelikweli. Nazário alishinda Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, mwaka 1997 na 2002, Ronaldinho 2005, na Cristiano mara tano kuanzia 2008. Mkiandika tu kwamba "Ronaldo alitwaa Ballon d'Or", mtu aliyezaliwa juzi atampa Cristiano zote, na mwenye haki yake atafutika akiwa bado hai. Hilo ndilo linaloniuma. Cristiano ana sifa za kumtosha. Hahitaji kuongezewa za mwenzake.

Na kosa la namna hii likishaandikwa haliondoki upesi. Katika orodha ya mapapa wa Roma yupo Yohane XIX na yupo Yohane XXI, lakini Yohane XX hayupo. Waliohesabu wajina hao walikosea katika Zama za Kati, na pengo lile lipo mpaka leo.

Ombi langu ni dogo. Jina liandikwe kamili linapotajwa mara ya kwanza, hata kama kichwa cha habari kinabana, na anayechagua picha aisome habari yenyewe kwanza. Masahihisho ya habari ile myaweke ukurasa uleule, pamoja na picha ya Nazário siku ya fainali, akiwa amenyoa kichwa kizima akabakiza nywele kidogo mbele. Kijana wangu anaisubiri.

Msomaji wenu wa miaka mingi